Kitambaa Kilichoropoka

Shangazi yangu hakai. Akiketi kwenye cherehani, mguu unaendelea kukanyaga hata uzi ukiwa umekatika. Akisimama, anakunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Ukimwambia apumzike anakujibu kwamba atapumzika chumba kikiwa chake, na jibu hilo nimelisikia tangu nikiwa na kimo cha meza yake ya kukatia.

Chumba chenyewe ni cha kati katika safu ya vyumba vinavyotazama barabara. Upande mmoja yuko kinyozi, upande wa pili duka la vipuri vya baiskeli. Ndani mna cherehani mbili, meza, kabati la nyuzi zilizopangwa kutoka nyeupe mpaka nyeusi, na dirisha moja kubwa linaloingiza mwanga tangu asubuhi. Shangazi ni mtarizi. Anatarizi nembo za shule kwenye mifuko ya mashati, majina ya wauguzi kwenye makoti, maua kwenye foronya. Kazi hiyo inakula macho, na dirisha lile ndilo linalomtunzia macho yake. Amewahi kuonyeshwa vyumba vya bei nafuu zaidi, akachungulia, akauliza dirisha liko wapi, akaondoka.

Ana desturi moja ambayo wateja wapya huiona kero. Hakupi kazi ambayo mgongo wake uko wazi. Ukigeuza kitambaa kilichotariziwa, nyuma utaona mafundo, nyuzi zilizoruka kutoka ua hadi ua, mahali fundi alipokosea akafumua akarudia. Mafundi wengi wanaacha hivyo hivyo. Shangazi anakata bitana, anaishonea nyuma, kazi inafungwa. Mteja akilalamika kwamba anacheleweshwa, anamwambia, "Mbele ni kwako. Nyuma ni kwangu na sindano yangu."

Mwenye safu ile ya vyumba tunamwita Bwana Taratibu, kwa sababu neno hilo ndilo salamu yake, jibu lake na kwaheri yake. Ni mtu mpole, viatu vinang'aa, sauti haipandi. Lakini hana bei, ana macho. Kinyozi aliponunua televisheni ya kuwaburudisha wateja, kodi yake ya pango ilipanda mwezi uliofuata. Muuza vipuri alipougua akafunga duka kwa muda, kodi yake ilishuka, na hilo nalo tuliseme. Ukimuuliza kwa nini vyumba vilivyolingana vina kodi tofauti, anatabasamu. "Kila mtu na uwezo wake." Yaani hapimi chumba. Anampima mtu.

Sasa Bwana Taratibu akatangaza kwamba anauza. Amechoka na wapangaji, anataka kuvitoa vyumba kimoja kimoja, na kila aliyemo ataulizwa kwanza. Bei? "Tutazungumza. Taratibu." Shangazi alirudi ndani akapanga upya kabati zima. Alikuwa na akiba ya kutosha, au karibu ya kutosha. Ila kila mtu kwenye ile safu alijua jambo moja: Bwana Taratibu akifahamu ulicho nacho, hicho ndicho kitakuwa bei.

Akiba ile aliiweka wapi? Hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo.

Zamani aliiweka kwenye simu kama watu wengine. Tabu ni kwamba pesa ya simu ina kelele. Binti wa kibanda cha pesa alikuwa na tabia ya kuhesabu noti kwa sauti, halafu anaongeza, "Leo Fundi umevuna," foleni nzima ikisikia. Ukitoka kibandani unakuta Baba Mdogo ameketi mlangoni. Baba Mdogo ni mdogo wake Shangazi na mdogo wa baba yangu, dereva wa lori la mchanga, mtu mcheshi, mwenye kipaji cha kusoma ujumbe wa simu hata ukiwa umegeuziwa juu chini. Simu ikilia kwenye meza ya kukatia, yeye anaanza, "Dada, tairi la nyuma..." kabla Shangazi hajaichukua.

Ng'ambo Shangazi ana rafiki yake waliyesoma pamoja, aliyekuwa akiuza foronya zake huko. Pesa ikitumwa kupitia benki ilikuwa inafika imekondeana. Siku moja rafiki akampigia simu, akamwelekeza hatua kwa hatua jinsi ya kuweka pochi ya bitkoini, ile sarafu ya mtandaoni, kwenye simu. Nilikuwa chuoni wakati huo. Shangazi alinisimulia baadaye kwa furaha kama mtu aliyehamia nyumba isiyo na majirani: hakuna kibanda, hakuna binti, hakuna foleni. Pesa inaingia kimya, na Baba Mdogo anakunywa chai yake bila kuota tairi.

Madaktari vijana waliokuja kutariziwa majina kwenye makoti wakaanza nao kulipa hivyo hivyo. Kila mara ilibidi aitoe simu, atafute ile anwani ndefu ya herufi na tarakimu, awaonyeshe ule mraba wa madoadoa ambao simu zao zinausoma. Ikamchosha. Basi akafanya jambo ambalo ni mtarizi tu angelifanya. Alichukua kitambaa cheupe kigumu, akahesabu madoa ya ule mraba moja moja, akautarizi kwa uzi mweusi, doa kwa doa, ukubwa wa sinia. Akauwekea bitana nyuma. Akautundika ukutani mkabala na mlango.

Ukasomeka. Daktari wa kwanza alisimama mlangoni, akainua simu, simu ikakubali. Watu wakaja kutazama. Kinyozi alikuja kushangaa, wateja walionyolewa nusu kichwa wakimfuata. Bwana Taratibu naye akaja, akakitazama kitambaa kwa muda, akakipiga picha. "Kazi safi, dada. Hii nitawaonyesha watu."

Niliporudi kutoka chuoni nilikikuta pale, kimenyooka, kinapendeza. Nami nikainua simu. Halafu nikaingia kwenye mojawapo ya zile tovuti zinazoonyesha mwenendo wa bitkoini, nikaibandika ile anwani.

"Shangazi, hiki kitambaa kina muda gani hapa?"

"Tangu mvua ziishe. Kizuri, siyo?"

"Kizuri. Njoo usikie kinavyosema."

Akaja na mkasi mkononi. Nikampa simu. Mwanzoni hakuelewa, aliona orodha tu. Kisha akaanza kuzitambua, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetambua nguo zake kwenye kamba ya jirani. "Hii ni zile foronya za maua ya bluu. Hii ni makoti ya wale madaktari wawili. Hii... hii alinilipa nusu, nusu akaleta baadaye." Kidole kikashuka mpaka chini, kikapanda mpaka juu, kikasimama kwenye jumla.

"Hii anaweza kuiona nani?"

"Yeyote mwenye anwani."

"Yeyote nani?"

"Yeyote, Shangazi. Mtu yeyote aliyesimama mlangoni na simu."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuuona mguu wa Shangazi umetulia.

"Lakini niliambiwa ni ya siri."

"Iliyofichwa ni jina tu. Kitabu chenyewe kiko wazi kwa dunia nzima, kila kinachoingia na kila kinachotoka, ila majina hayamo. Sasa wewe jina umelitundika ukutani."

Alikuwa anatazama mlango, pale alipokuwa amesimama Bwana Taratibu.

"Alipiga picha," akasema.

Kuanzia siku hiyo tulikosa raha wote. Wazo langu lilikuwa kukiteremsha kitambaa papo hapo. Shangazi akakataa. Alisema kama mwenye nyumba hajajua, kukiteremsha ni kumwambia. Na kama ameshajua, ni kumwambia kwamba tumejua. Asubuhi alikiteremsha, mchana akakirudisha. Alitarizi jina la muuguzi akakosea herufi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Simu ikawa haitoki mkononi: bitkoini ikipanda anaingiwa na hofu kwamba ataonekana tajiri, ikishuka anaingiwa na hofu kwamba chumba kinamponyoka.

Baba Mdogo akaletewa habari, maana haiwezekani kumficha mtu anayekaa mlangoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akanywa chai, akatoa hukumu.

"Mimi sioni tatizo. Mtu mwema anaficha nini?"

Nilishika moto. Sikujizuia wala sitaki kujifanya nilijizuia. Nilimuuliza kwa nini mlango wa bafu una komeo, na wanaooga wana hatia gani. Nikamwambia kwamba tajiri mkubwa hajawahi kuulizwa na binti wa kibanda amevuna kiasi gani. Ana wakili, ana benki yenye mazulia, siri yake inaitwa heshima. Fundi wa chumba kimoja akitaka heshima hiyo hiyo, anaulizwa anaficha nini. Nikasema kwamba anayejua mfuko wako amekushika mkono kabla hujaunyoosha.

"Umemaliza, msomi?" Shangazi akauliza.

"Bado."

"Pumzika kidogo." Akamgeukia mdogo wake. "Lete simu yako."

"Ya nini?"

"Niitazame tu. Ujumbe, picha, pesa. Mtu mwema anaficha nini?"

Baba Mdogo aliiangalia simu yake, akamwangalia dada yake, akaitia mfuko wa ndani kabisa wa koti. "Tuendelee na mazungumzo," akasema. "Kama bitkoini haifichi, mnafikiria kuhamia sarafu gani?"

Basi tukakaa watatu kuzunguka meza ya kukatia, na Shangazi akatuuliza maswali kama anavyowauliza wauza nyuzi: inachuja? inakatika? ikilowa inakuwaje?

Nilianza na bitkoini yenyewe. Angeweza kubaki nayo, kwa sababu pochi inaweza kutoa anwani mpya kwa kila mteja, na kila anwani ikaonekana peke yake. Akafikiri kidogo. "Na siku ya kulipa chumba? Si nitazikusanya zote?" Nikakubali. Siku hiyo vipande vinaunganishwa, na anayechunguza anaona vimetoka mfuko mmoja. "Basi mshono utaonekana," akasema.

Baba Mdogo alikuwa upande wa sarafu ya dola, ile ambayo kipande kimoja kinashikiliwa kiwe sawa na dola moja. "Hii unalala nayo, unaamka iko pale pale. Siyo hizo zenu zinazopanda na kushuka kama mtoto kwenye kochi." Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Lakini nyuma ya sarafu ile kuna kampuni, na kampuni ikiamua, inaweza kuigandisha pesa yako ikiwa mle mle kwenye pochi yako. Isitoshe, kitabu chake nacho ni cha wazi. Ukitarizi anwani yake ukaitundika ukutani, utakuwa umerudi palepale.

Mimi nilikuwa na chaguo langu tangu mwanzo, na nililitetea kama mtu anayemtetea ndugu yake kortini. Iko sarafu wanayoiita Monero. Hiyo imetengenezwa ili kitabu chake kisisomeke na wapita njia: aliyetuma hajulikani, aliyepokea hajulikani, kiasi hakionekani. Anwani unaweza kuibandika hata kwenye nguzo ya umeme. Watu wataitumia kukulipa, lakini hawataiona akiba.

"Ubaya wake?" Shangazi akauliza.

"Haina."

Akanitazama juu ya miwani.

"Upo," nikasema. "Masoko mengi makubwa ya sarafu yameikataa. Ukitaka kuigeuza iwe noti, wanunuzi ni wachache na inachukua muda. Bei yake nayo hupanda na kushuka. Na ukipoteza yale maneno ya kufungulia pochi, hakuna ofisi ya kwenda kulia."

"Hilo la mwisho bitkoini nayo inalo," akasema. Alikuwa ameshayakariri maneno ya pochi yake tangu zamani. Niliwahi kumsikia akiyaimba chini chini wakati wa kushona, nikadhani ni wimbo wa kanisani. "Na mtu wa mapato akija? Mimi kodi ya serikali nalipa. Sitaki nionekane mwizi kwa sababu tu nimefunga mlango."

Nikamweleza kwamba iko namna. Pochi ile ina ufunguo wa kutazama. Unampa unayemtaka, anaona kilichoingia, lakini hawezi kuchukua hata senti. Usipompa, haoni kitu.

Akavuta foronya iliyokuwa mezani, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole kwenye bitana. "Kumbe hii ninaivua mimi mwenyewe," akasema, "mbele ya ninayemtaka." Nikajua nimeshinda. Lakini hakuamua siku hiyo, wala iliyofuata. Aliendelea kuzunguka chumba, anagusa hiki, anaacha kile, anatazama mlango.

Bwana Taratibu ndiye aliyeamua kwa niaba yake. Alikuja asubuhi, akakaribishwa kiti, akakataa chai kwa adabu, akasifu nembo ya shule iliyokuwa kwenye fremu. Halafu, kwa sauti ile ile ya kusifu, akataja bei.

Nilikuwa nimesimama kando ya kabati. Niliijua ile jumla kwa sababu nilikuwa nimeitazama jana yake. Bei aliyoitaja ilikuwa ndiyo hiyo hiyo, imepunguzwa kidogo mwishoni, kama mtu anayekuachia nauli ya kurudi nyumbani.

Shangazi alichomeka sindano kwenye kimto chake.

"Hiyo bei umeitoa wapi?"

"Nimefikiria tu, dada. Nimeangalia hali."

"Hali ya chumba au hali yangu?"

Bwana Taratibu hakuwa mtu wa kusema uongo, hilo nampa. Aliinua kidevu kuelekea ukutani. "Mimi sijaingia mfukoni mwa mtu. Umekitundika mwenyewe, kila anayepita asome. Kijana wangu akanionyesha namna. Kama ningekuwa nimekosea, ningekuomba radhi."

Nilifungua mdomo. Shangazi akaniinulia kiganja bila kunitazama.

"Kweli, nilikitundika mwenyewe," akasema. "Na sasa ninakiteremsha mwenyewe." Akapanda kwenye kigoda, akakitoa kitambaa msumarini, akaketi, akakiweka mapajani. Akachukua wembe wa kufumulia. Akaipasua bitana, halafu akaanza kukata zile nyuzi nyeusi, doa moja baada ya jingine, mgeni akiwa amekaa mbele yake. "Bei uliyoitaja si ya chumba, Mzee. Chumba kina kuta na paa linalovuja na dirisha. Hiyo bei ni yangu mimi, na mimi siuzwi. Ukipata bei ya chumba, njoo tuongee."

"Kuna mtu mwingine ameulizia chumba hiki."

"Sawa."

"Siwezi kumweka muda mrefu. Mwisho wa mwezi." Akasimama, akajipangusa suruali ambayo haikuwa na vumbi. "Taratibu tu, dada."

Alipoondoka, Shangazi aliendelea kufumua mpaka kitambaa kikabaki cheupe, kimejaa matundu madogo ya sindano. "Nimekitupa chumba?" akaniuliza. Nilianza hotuba, akaniambia nimletee simu yake.

Tulihamisha pesa kwenda Monero mchana huo. Kwanza alituma kipande kidogo kabisa, kama anavyojaribu uzi mpya kwenye kitambaa cha kutupa. Ukaanza ule muda wa kungoja: kimetoka huku, kule hakijafika. Akafagia chumba. Akafagia mbele ya chumba. Akafagia mbele kwa kinyozi, kinyozi akatoka kuuliza kuna mgeni gani anakuja. Kikafika. Akatuma kingine, kikubwa zaidi, na njiani tulipoteza kidogo kwenye kubadilisha, aliguna, akaendelea.

Ila hakuhamisha zote kuingia Monero. Sehemu aliiweka kwenye sarafu ya dola, ya kununulia nyuzi na kulipia umeme. Nilipinga. Nilimwambia uhuru hauna nusu.

"Pesa ya nyuzi akiiona mtu, ataona kwamba ninanunua nyuzi," akasema. "Na hiyo ya chumba haitanifaa kesho asubuhi duka la uzi likifunguliwa. Wewe una dunia ya kuokoa, mwanangu. Mimi nina nembo za shule za kumaliza."

Niliona ni usaliti kidogo. Bado naona hivyo, ingawa tunaelewana.

Pochi ya zamani ikabaki tupu, na kwa kuwa kitabu chake ni cha wazi, utupu nao ulionekana. Baba Mdogo alikuja siku chache baadaye na uso wa mtu aliyebeba chungu cha moto.

"Dada, Bwana Taratibu ananiuliza umepatwa na nini. Anasema amesikitika sana."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijui una kiasi gani sasa." Akakaa. "Na kweli sijui. Inaniuma, lakini sijui."

Shangazi akacheka mpaka akavua miwani. Baba Mdogo akasogeza kiti. Alikuwa na mpango. Mzee anaamini Shangazi amefilisika. Basi aachwe aamini. Shangazi avae kanga iliyochakaa, aombe kupunguziwa, atapunguziwa tu. Muuza vipuri si alipunguziwa? Nakiri mpango ulinivutia. Ulikuwa na harufu ya vita.

"Hapana," Shangazi akasema.

"Hapana kwa nini? Bei itashuka."

"Itashuka kwa huruma. Halafu siku nikinunua pasi mpya atajiona amedanganywa, na atakuwa amedanganywa kweli. Sitaki anipime tajiri, sitaki anipime maskini. Sitaki anipime."

Akachukua kitambaa kipya. Anwani ya Monero ni ndefu zaidi, kwa hiyo mraba wake una madoa mengi zaidi, madogo zaidi, yamebanana. Alianza kuyahesabu dirishani. Kazi ile ilimkalisha kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akifanya, ingawa mguu uliendelea kugonga sakafu chini ya meza. Mwezi ulikuwa unaisha. Aliyeulizia chumba, kama alikuwapo, angeweza kutokea wakati wowote na noti mkononi. Bei ya Monero ilishuka siku mbili mfululizo na mimi ndiye niliyekosa usingizi, kwa sababu mimi ndiye niliyeisifu. Shangazi aliacha kuitazama. Alisema akiitazama anaruka doa.

Kitambaa kikapanda ukutani, msumari ule ule. Bwana Taratibu akaja. Alisimama mlangoni, akakiona, akatoa simu bila kujificha, akapiga picha. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Kisha akampigia kijana wake, wakanong'onezana, akaikata.

"Hiki hakisemi kitu," akasema.

"Kinapokea, Mzee."

"Kinapokea kiasi gani?"

"Kinapokea."

Akanitazama mimi. Nikatazama kabati la nyuzi. Akamtazama Baba Mdogo aliyekuwa mlangoni na kikombe, na Baba Mdogo akainua mabega kwa huzuni ya kweli kabisa. Mzee akabaki katikati ya chumba chake mwenyewe, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kukitazama. Aliinua macho kwenye doa la maji darini. Akaugusa ufa ulio chini ya dirisha. Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama daktari.

"Nitarudi," akasema. Safari hii hakutaja taratibu.

Alirudi kesho yake na futi ya mafundi ujenzi, ile ya chuma inayojikunja yenyewe ndani ya kasha. Aliivuta, ikaruka ikamrudia vidoleni. Akaivuta tena. Shangazi akaacha cherehani, akamshikia ncha ya upande wa pili. Wakapima urefu, wakapima upana, yeye kona ile, Shangazi kona hii, wakiinama na kuinuka pamoja.

"Dirisha hili ni kubwa," Mzee akasema. "Dirisha lina thamani yake."

"Halina bawaba moja."

"Bawaba ni kitu kidogo."

"Basi itie. Na paa?"

"Paa tutaliangalia."

"Liangalie sasa, ukiwa hapa. Simama kwenye kigoda."

Akasimama kwenye kigoda, viatu vyake vinavyong'aa juu ya magazeti ambayo Shangazi aliyatandika haraka. Waligombana juu ya paa, ufa na mlango wa nyuma unaokwama mpaka chai ikapoa mara mbili. Hatimaye wakapeana mikono. Mtu mwingine aliyeulizia chumba hatukumwona.

Kuigeuza pesa iwe noti kulichukua muda kama nilivyosema, na katika muda huo Shangazi alifagia mpaka mbele ya duka la vipuri. Lakini alilipa yote. Bei waliyokubaliana siitaji hapa. Nilimwomba ruhusa, akauliza wasomaji wanataka kununua chumba gani.

Atapumzika chumba kikiwa chake, alikuwa akisema. Chumba ni chake, na mguu ungali unakanyaga. Juzi nilikuwa namsaidia kusogeza kabati, kinyozi akaingia. Zamu ya chumba chake ilikuwa imefika na Bwana Taratibu ameomba kuja kumsalimia. Alisimama pale akizungusha kichana mkononi, akatazama kitambaa ukutani, akakohoa.

"Fundi, nilikuwa na swali dogo. Kuhusu pesa."

Shangazi akamwonyesha kiti kwa mkasi.

"Kaa," akamwambia. "Lakini kwanza rudishia mlango."

Nje tukasikia kikombe cha Baba Mdogo kikiwekwa chini, halafu hatua zake zikija, na bega lake likiegemea ubao wa mlango.